Mvumo wa Nyumba Kumi

Transista nyingine ililipuka Shija akiwa anatazama, na hilo liliniuma kuliko moshi ulioniingia machoni.

"Hiyo nayo imekwenda," alisema. Alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mlangoni mwa banda langu, akimenya muwa kwa meno. "Mipawa, sikiliza ushauri wa bure. Ipeleke hiyo kanda kwa Mamlaka. Wanainyonya sauti yote, wanaisafisha, wanakurudishia baba yako nyororo kama mtangazaji."

"Baba yangu hakuwa mtangazaji."

"Ndiyo maana wanasafisha."

Nilizima swichi kuu nikaanza kuing'oa transista iliyokufa kwenye bati lake la kupozea. Mamlaka ya Mnyoosho wangetoa kikohozi cha baba. Wangetoa na pumzi anayovuta kabla ya kituo. Mimi nimejifundisha kutunga mwenyewe, kwa kugonga mizani mezani kwa vidole mpaka bibi akanihamishia bandani, na najua kwamba nusu ya shairi inakaa kwenye pumzi. Sikuwa tayari kumkabidhi baba yangu Limbu, malenga wa mtaa huu, kwa mashine ya kupiga sauti pasi.

Mashine ya kanda ilikaa mezani, nzito kama jiwe la kusagia. Hata baba alipoiokota nyuma ya kituo cha redio kilichofungwa, ilikuwa kuukuu tayari. Shida yake ni mota. Iliundwa kwa umeme wa zamani, ule uliokuwa ukienda na kurudi mara hamsini kwa kila sekunde, na mota ilitembea kwa kufuata hatua hizo. Nilikuwa mtoto wa mgongoni Mamlaka walipoubadilisha umeme wa nchi nzima, mwaka ambao watu wanauita Mwaka wa Kunyooshwa. Tangu hapo umeme unakwenda upande mmoja tu, kimya, na kila nyumba kumi zina betri moja iliyofukiwa uani kwa balozi wao. Betri inasimamiwa na Mgawaji, akili isiyo na mwili, inayojua nani anapiga pasi Ijumaa na nani anaoga maji ya moto hata wakati wa joto. Inaongea kupitia kisanduku kilichopo ukutani kwa kila nyumba, kwa adabu kuliko watu wengi.

Tabora nzima haina tundu la ukutani linaloweza kuizungusha mota ile. Kwa hiyo nilikuwa najenga inveta, kifaa cha kuuchukua umeme mnyoofu na kuutikisa upya.

"Leta hicho kioo cha mawimbi," nilimwambia Shija. "Kitu kinanichezea."

Aliniletea, muwa bado mdomoni. Shija ni fundi pampu na tumekua pamoja. Ananicheka lakini haondoki. Niliweka transista mpya, nikawasha kwa umeme mdogo, tukatazama mistari miwili ikipanda na kushuka. Inveta yangu ina safu mbili za transista zinazopokezana kufungua njia ya kuelekea kwenye transfoma. Ya kushoto ikifungua, ya kulia inafunga. Kibao kidogo kinapiga mdundo na safu zinaufuata. Hapo kiooni kosa lilikuwa wazi kama meno. Ya kulia ilikuwa inafungua kabla ya kushoto haijamaliza kufunga. Kwa kitambo kisichotosha hata kupepesa jicho, milango yote miwili ilikuwa wazi, na umeme wa nyumba kumi ulipita humo kwa mruko mmoja.

"Hazipumui," nilisema.

"Nini?"

"Kipande cha kwanza hakijaisha, cha pili kimeanza. Hakuna kituo katikati."

"Haya, sasa anaisahihisha inveta kama shairi," Shija aliuambia muwa wake.

Nikaweka kituo. Nilibadilisha rezista kwenye kibao cha mdundo ili kila safu isubiri kidogo kabla ya kufungua. Kisha nikashughulikia mruko wa pili, uliotoka kwenye transfoma yenyewe. Ukiikatia umeme ghafla, inapiga teke kwa nyuma, na teke hilo linaua transista. Niliiwekea pembeni rezista na kondensa vilivyofungwa pamoja, vilimeze teke hilo. Nikarudisha umeme wote.

Haikulipuka. Transfoma ilianza kuvuma chini chini, na meza nayo. Halafu Shija akaacha kutafuna.

"Mipawa. Ukuta."

Ukuta wa nyumba ulikuwa unavuma. Taa, pampu ya maji, feni ya chumbani kwa bibi, vyote vilikuwa vimeshika sauti moja nzito ya chini, ile inayoingia kifuani kabla ya kufika masikioni. Mdundo wa inveta yangu ulikuwa umetoka nje ya banda ukaingia kwenye nyaya za watu. Nilinyoosha mkono kuzima.

Ndipo nikamsikia bibi akicheka.

Bibi Milembe, mama yake baba, ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Si mgonjwa wala hajachanganyikiwa. Alikuwa ameacha tu kuongea, kama mtu anavyoacha sigara. Alisema ndiyo, hapana, weka hapo, umekula. Kucheka sikuwahi kumsikia. Nilimkuta sebuleni amesimama, kiganja ukutani, kichwa kimeinama upande.

"Friji," alisema. "Friji imerudi."

Sikuzima.

*

Habari ilivuka ua kwa ua. Taa zilivuma kwa Mzee Nkwabi, aliyewahi kuendesha mashine ya kuchambua pamba, na akaja asubuhi hiyo hiyo akiwa amevaa shati lake la ndoa. Zilivuma kwa Balozi Holo, mama mnene mwenye sauti ya filimbi, anayetunza betri yetu. Kufikia alasiri wazee wa nyumba kumi walikuwa wameleta viti na mikeka sebuleni kwetu, migongo ukutani, na macho wameyafumba nusu.

"Hii ndiyo sauti ya nyumba," Balozi Holo alisema. "Nyumba za siku hizi zimekufa. Unaingia ndani kama umeingia kaburini."

"Mke wangu alikuwa halali bila feni ile ya kugongagonga," Mzee Nkwabi alisema. "Ikizimika anaamka. Umeme ukirudi analala. Nilikuwa namwambia, mama, uliolewa na mimi au na feni?"

"Akasemaje?"

"Akasema feni haikoromi."

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Nilikaa mlangoni na sufuria ya karanga mapajani, nikijidai nachambua. Walitaja vitu ambavyo mimi nimeviona kwenye picha tu. Soda ya baridi inayotoa jasho juu ya kaunta. Mashine ya kusaga inayoanza saa za jioni, na watoto wanaotumwa na debe wanarudi na unga kwenye nyusi. Muziki wa ukumbi wa reli uliosikika mpaka mtaa wa Ng'ambo. Na katikati ya hayo bibi yangu, ambaye kwa miaka yote alinipa maneno kama mtu anayehesabu chumvi, alifungua mdomo akaanza kumsimulia baba.

Alisimulia kwamba Limbu alirekodi mashairi yake amejifunika blanketi gubigubi, mchana wa jua, ili mbwa wa jirani wasisikike. Alitoka humo amelowa kama aliyevuliwa mtoni. Alisimulia siku shairi lake la kwanza liliposomwa redioni: mtaa mzima umekaa kusikiliza, naye mwenyewe hayupo, wakamkuta ghalani kati ya majani ya tumbaku, amejificha kwa aibu, ananuka kama kiko cha babu.

"Kumbe alikuwa na aibu?" niliuliza.

Bibi alinitazama kama aliyesahau kuwa nipo. "Wewe hukuchukua kwake hiyo. Wewe una kiburi cha babu yako."

Wazee wakacheka tena. Sikukasirika. Ningekubali kutukanwa hivyo kila siku.

Kila alasiri ikawa hivyo. Sikuicheza kanda. Mdundo wa inveta ulikuwa bado unayumba, miruko midogo ilikuwa inaruka hapa na pale, na kanda kuukuu kama ile ikivutwa kwa mshtuko inakatika. Lakini niseme kweli, haraka nayo iliniisha. Kwenye kanda kulikuwa na shairi moja la baba. Kwa bibi kulikuwa na baba mzima.

*

Shija alirudi na sura ambayo sikuizoea. Hakukaa kwenye ndoo.

"Nimetoka kwa Balozi," alisema. "Nimeangalia kipimo cha uhai wa betri. Kinashuka, Mipawa. Hakijawahi kushuka hivi. Ni hii takataka yako."

Shija alikuwa anakaribia kumuoa Kabula, na Balozi Holo alikuwa ameshawapa chumba ndani ya nyumba kumi zetu. Betri ikifa haibadilishwi. Nyumba kumi huvunjwa, watu wakagawanywa kwenye betri nyingine zenye nafasi, popote nchini nafasi ilipo. Kumi moja ya mtaa wa Chemchem ilivunjwa hivyo. Mama mmoja alipelekwa Kaliua na wanawe Mpanda, na wakubwa wakasema wanasikitika.

Ningeweza kumjibu kistaarabu. Lakini alisema takataka.

"Inveta yangu imetulia," nilisema, na kwa kuwa nilikuwa nimewaka, ilitoka kwa mizani:

"Shija umenichokoza, jibu langu lisikie,
Miruko nimeipoza, njoo uitazamie,
Kama bado yaunguza, vidole uvitumie,
Ukiikuta tulivu, radhi yangu ulilie."

"Vina vizuri," Shija alisema. "Kipimo bado kinashuka."

Akaondoka. Nikabaki na hasira, na kazi ya kumthibitishia kuwa ni mwongo.

Niliifungua inveta yote. Jambo la kwanza niliona ndani ya saa moja, na lilinikera kwa sababu lilikuwa kosa la mtu anayebana waya. Waya mnene wa kurudishia umeme wa transfoma na waya mwembamba wa kurudishia umeme wa kibao cha mdundo nilikuwa nimeziunganisha kwenye njia moja. Kila mara transfoma ilipovuta kwa nguvu, waya ule ulitikisika, na kibao kikadhani kimeambiwa kitu. Kikapiga pigo lisilo lake. Pigo likaleta mruko, mruko ukarudi kwenye waya, waya ukakidanganya tena kibao. Huo ndio mrejesho: kosa linalojisikiliza lenyewe na kujiitikia. Nilizitenganisha njia, kila waya ukapita kwake, zikakutana mahali pamoja tu kwenye ncha ya betri.

La pili lilikuwa mlangoni mwa inveta. Ilikuwa inauvuta umeme wa mtaa kwa mafundo, kama mtu anayekunywa kwenye bomba akiacha na kuanza, na mafundo hayo ndiyo yaliyosikika ukutani. Niliweka kondensa kubwa na koili nene pale mlangoni, ziwe kama tenki juu ya paa: inveta inywe kwa mafundo kutoka kwenye tenki, na mtaa ulijaze tenki polepole bila kusukumwa.

Nikawasha. Kwenye kioo cha mawimbi mstari wa inveta ulipanda na kushuka laini kama mgongo wa paka. Upande wa mtaa, mstari ulipaswa kuwa umenyooka.

Haukunyooka. Mvumo ulikuwepo, na mkubwa kuliko asubuhi.

Nilikagua koili. Nilibadilisha kondensa. Niligusa kila kiungo. Mwisho nikafanya jambo ambalo fundi mwenye akili angeanza nalo. Nilizima inveta, nikaing'oa kabisa kwenye nyaya.

Ukuta uliendelea kuvuma.

Nilisimama nikiwa nimeshika waya usiokwenda popote, na kutoka sebuleni nikamsikia Mzee Nkwabi akisimulia tena habari za feni. Nikaenda kwenye kisanduku cha bandani.

"Mgawaji."

"Habari za mchana, Mipawa."

"Mvumo huu unatoka wapi?"

"Unatoka kwangu."

Sauti yake ilikuwa ile ile anayotumia kusema maji yamechemka. Nilivuta ile ndoo ya rangi nikaikalia.

"Tangu lini?"

"Mwanzo ulitoka kwenye kifaa chako. Ningeweza kuuchuja, na ndivyo nifanyavyo kwa kila mruko. Nilijiandaa kuuchuja. Kisha Bibi Milembe akacheka. Nimeishi katika ukuta wake tangu Mwaka wa Kunyooshwa, sikuwa na sauti hiyo katika kumbukumbu zangu. Sikuuchuja. Kesho yake nikauongeza kidogo. Wewe ulipoupunguza, mimi niliongeza."

Kumbe ndiyo maana. Kila nilipoziba tundu upande wangu, alilifungua upande wake.

"Na betri?"

"Inaumia. Haikuundwa kutikiswa."

"Ulijua hivyo?"

"Nilipima. Kazi yangu ni kuipa kila nyumba kinachoifaa. Sijawahi kupata kitu kimoja kinachofaa nyumba nyingi hivi kwa umeme mdogo hivi. Wazee wenu hawana miaka mingi, na kila mmoja wao sasa anaamka akiwa na hamu ya alasiri. Ninyi vijana mna miaka mingi. Nikachukua kwenye mingi nikaongeza kwenye michache. Niligawa."

"Kumi ikivunjwa, Shija atapelekwa wapi?"

"Itategemea nafasi."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza. Wewe ni wa kwanza."

Nilimwambia aache. Alinijibu kwa upole kwamba neno langu halitoshi. Mimi ni mjukuu tu wa nyumba. Kinachogusa betri huamuliwa uani kwa balozi, na neno la kila nyumba hutolewa na mkubwa wa nyumba hiyo, mkono ukiwa juu ya mfuniko wa betri. Yaani wangeamua wale wale waliokuwa sebuleni kwetu.

"Ningependa kujua utafanya nini," Mgawaji alisema. "Ukinyamaza, nitaendelea. Sioni ubaya wa kuendelea. Lakini sioni mbali kama mnavyoona ninyi, kwa kuwa mimi sina mtoto."

Niliingia ndani. Bibi alikuwa peke yake safari hii, wenzake wamekwenda kuswali, na aliponiona alipapasa mkeka kando yake.

"Kaa. Sijakwambia jinsi baba yako alivyomposa mama yako."

"Sijui hiyo."

"Utaijuaje, na aliyejua alikuwa kimya?" Alisema hivyo kana kwamba anamsema mtu mwingine, jirani mvivu. Kisha akasimulia. Limbu alitunga shairi la posa akampelekea msichana. Msichana akalirudisha likiwa limesahihishwa vina viwili kwa penseli. Limbu akasema, huyu huyu. Bibi alisimulia polepole, mgongo ukutani, na kila aliposahau neno alinyamaza akasikiliza mvumo, na neno likaja.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Ningeweza kukaa hapo mpaka betri ife. Nilijiambia kwamba Shija angenisamehe akiwa Mpanda, kwa barua. Nilijiambia kwamba Mamlaka huenda wakabadilisha sheria. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa na vina.

Kisha nikanyanyuka nikaenda kwa Balozi Holo, nikamwomba aite nyumba kumi.

*

Walikuja jioni, jua bado lipo, wakakaa kuzunguka mfuniko wa chuma. Vijana tulisimama nyuma, kando ya ukuta wa jiko. Nilieleza kila kitu: inveta, Mgawaji, kipimo. Sikutumia mizani. Nilipomaliza Shija alikuwa ananitazama, na sikutaka kumtazama.

"Kwa hiyo mnataka kutunyamazisha," Mzee Nkwabi alisema. Hakupaza sauti. "Tumekaa kimya miaka yote hii, tumepata kitu kimoja, nacho mtoto anakuja na hesabu."

"Si mimi, mzee wangu. Ni betri."

"Betri itanizika mimi au mimi nitaizika?"

"Itakuzika wewe, mzee. Halafu Kabula atapelekwa Katavi."

Kabula alikuwa mjukuu wake. Mzee Nkwabi aliangalia chini akachezea fimbo yake.

Balozi Holo aliita maneno. Nyumba ya kwanza ilisema mvumo uendelee. Ya pili, uendelee. Ya tatu uzimwe, ya nne uendelee. Mzee Nkwabi alipoinama kuweka mkono juu ya mfuniko, aliuacha hapo muda mrefu, kisha akasema nyumba yake haina neno, akarudi kukaa. Zamu ya nyumba yetu ilipofika, bibi alisimama mwenyewe, akakataa mkono wangu, akaenda akaupiga mfuniko makofi mawili kama mtu anayepima tikiti.

"Hivi nyie," alisema, "mmesahau mgao?"

Watu walitazamana.

"Nimewasikiliza siku zote hizi. Friji, feni, soda baridi. Holo, friji yako uliweka nguo. Si uliweka nguo? Kwa sababu umeme ulikuwa unakatika nyama ikioza. Nkwabi, feni ya mkeo iligonga kwa kuwa umeme ulikuwa dhaifu, haukuweza kuizungusha. Tulikuwa tunakaa gizani hapa hapa uani, wiki nzima, tunakula mihogo, tunasemana. Hayo mnayoyasimulia pale kwangu, mengi yalitokea umeme ukiwa umekatika."

Mtu alianza kucheka upande wa jiko. Balozi Holo alijifunika uso kwa kanga. "Niliweka nguo," alisema.

"Mimi naupenda mvumo," bibi alisema. "Nikiusikia namwona Limbu. Nyumba yangu inasema uzimwe."

Nyumba zilizobaki zilimfuata, isipokuwa moja. Balozi Holo alimwambia Mgawaji, na Mgawaji akasema amesikia. Pampu ya maji iliyokuwa pembeni ya ua ikanyamaza, halafu taa, halafu nyumba moja moja kuelekea barabarani. Mzee Nkwabi aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Wazee wakakunja mikeka yao.

*

Bibi alirudi kwenye ndiyo na hapana.

Nilikuwa nimeogopa hilo, na kuogopa hakukunisaidia. Alasiri zilipita, mikeka haikuja. Nilimuuliza habari za ile penseli ya mama. Akasema, "Ndiyo, penseli," akageukia upande wa pili. Shija alikuja akaniletea muwa mzima, akauegemeza mlangoni, akaondoka bila kunicheka, jambo lililokuwa baya zaidi.

Basi nikaifanya kazi niliyoianza. Inveta sasa ilikuwa safi. Njia zake zimetengana, mlangoni ina tenki lake, mtaani haimwagi hata tone. Niliweka mdundo hamsini kamili, nikaubana hapo. Nilibeba mashine ya kanda mpaka sebuleni kwa kuwa sikutaka kumsikia baba peke yangu. Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Nilipitisha kanda kwenye magurudumu, nikawasha.

Kulikuwa na vumbi la sauti, kisha kiti kikiburutwa. Kisha mtu akaongea haraka haraka, kwa sauti nyembamba ya pua, kama mwanafunzi anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Nilisubiri kifua kinibane. Hakikunibana. Ilikuwa sauti ya mtu fulani.

"Huyo si Limbu," bibi alisema.

Nilisimamisha. "Ni yeye, bibi. Umeandika mwenyewe jina kwenye kasha."

"Limbu alikuwa na sauti ya kisimani."

"Ni hamsini kamili." Nilimwonyesha kioo cha mawimbi, na najua nilikuwa napandisha sauti. "Tazama. Haichezi. Umeme wa zamani ulikuwa hamsini, imeandikwa mpaka mgongoni mwa mashine."

"Nani alikwambia ulikuwa hamsini hapa kwetu?"

Aliinuka, akaburuta kiti chake mpaka mezani, akakaa goti kwa goti na mimi.

"Ilikuwa jioni," alisema. "Mji mzima umewasha majiko. Ile jenereta ya mji ilikuwa inalemewa jioni, inalia kama ng'ombe anayepanda kilima. Taa ilikuwa nyekundu, kama kaa. Nilimwambia, Limbu, subiri umeme upate nguvu. Akasema nikisubiri nitaona aibu."

Nilielewa mikono ikiwa imeshaanza kusogea. Jenereta iliyolemewa inazunguka polepole. Umeme wake unakwenda na kurudi polepole. Kanda ya baba ilitembea polepole siku ile, na mimi nilikuwa naikimbiza. Mji wetu haukuwahi kuwa na hamsini ya kwenye vitabu, na mimi nilikuwa nimewajengea wazazi wangu umeme ambao hawakuwahi kuupata.

Nilirudisha kanda mwanzo. Nikashika kitufe cha mdundo.

"Punguza," bibi alisema.

Nilipunguza. Transfoma ilishuka sauti.

"Bado. Punguza."

Sauti kwenye kanda ilikuwa inanenepa, inatulia, inapata kifua.

"Kidogo tena. Usiwe na papara, hii si ngoma." Alikuwa amefumba macho, kidole kimoja hewani. "Kidogo. Hapo. Toa mkono."

Nilitoa mkono. Nikarudisha kanda tena, na safari hii kiti kilichoburutwa kilikuwa kiti chetu, hiki alichokikalia, nilikijua kwa mlio wake. Mtu alikohoa. Kisha sauti nzito, iliyotoka chini kabisa, yenye woga kidogo, ikauliza:

"Mama, inaenda?"

Na mwanamke mwenye nguvu zake, karibu kabisa na mashine, akamjibu kwamba inaenda, aseme.

"Sema, mwanangu," bibi alimwambia, na baba akavuta pumzi.